Mwanangu alitembea wiki tatu kabla sijaambiwa

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 27, ni muuguzi katika hospitali moja ya binafsi hapa Dodoma. Nimeolewa. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, anapakia Dar es Salaam na kuvukia Tunduma kwenda Zambia, mara nyingine hadi Kongo, kwa hiyo nyumbani tunamwona siku tano au sita kwa mwezi. Tuna mtoto mmoja wa kike, ana mwaka na miezi miwili. Humu nitamwita Riziki, ingawa si jina lake.

Nianze na furaha, nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu. Nilipokuwa na ujauzito nilinunua daftari kubwa la jalada gumu, nikaandika juu yake "Mambo ya Riziki". Siandiki mambo makubwa. Ukurasa wa kwanza unasema: "Leo kapiga chafya tatu mfululizo, kajishangaa mwenyewe." Mwingine: "Kitovu kimeanguka." Mwingine: "Kamchekea babu wa jirani, baba yake kamnunia." Jino la kwanza nililisikia kabla sijaliona. Nilikuwa namlisha uji, kijiko kikagonga kitu, ti! Nikaacha bakuli nikampigia mama, nikampigia mume wangu aliyekuwa kwenye foleni ya mpakani, nikampigia wifi, nikatoka nje nikamwambia mpaka mwenye nyumba. Siku ile nilijiona tajiri.

Likizo ya uzazi ilipokwisha niliunganisha na ya mwaka, kisha nikarudi kazini. Dada wa kazi wa kwanza aliondoka siku aliyopokea mshahara. Wa pili alikuwa mzuri sana, lakini alikuja kuposwa, akarudi kwao Kondoa. Wa tatu, nilitoka zamu nikakuta mlango umefungwa kwa nje, mtoto analia ndani, yeye yuko kibandani anaweka vocha. Mwezi huohuo kadi ya kliniki ikaonyesha uzito haujapanda mara mbili mfululizo. Mimi ninayewashauri wanawake wengine kuhusu kadi hizo nikaificha yangu kwenye pochi. Mama akanipigia: "Mlete. Nimelea watano, wa sita hatanishinda." Riziki alikuwa na miezi minane. Nilimpeleka na begi moja na kadi yake.

Mama anakaa Muheza. Baba alifariki mwaka mmoja kabla Riziki hajazaliwa, na tangu atoke eda mama alikuwa mtu wa kukaa barazani tu. Jiko lake la vitumbua lilikuwa limeingia kutu. Riziki alipofika, haukupita mwezi jiko likarudi uani, eti mjukuu anataka sabuni na mafuta. Mtoto akanenepa. Mstari kwenye kadi ukapanda vizuri hadi nikaupiga picha.

Mimi huenda kila baada ya mwezi mmoja na nusu hivi. Basi linaondoka Dodoma alfajiri, Morogoro, Chalinze, Segera, ukishuka Muheza jua limeshachoka na wewe umechoka kulishinda. Katikati ya hapo tunaonana kwa simu, ambapo Riziki hulamba kioo mpaka picha inaganda.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita nilipata siku nne. Nilifika magharibi, sijavua hata viatu, mama akaniambia: "Kaa hapo mkekani, usimwite." Akamsimamisha Riziki pembeni ya mtungi, akamwachia. Mtoto akaja. Hatua moja, akayumba. Ya pili, ya tatu, ya nne, kisha akaniangukia kifuani akinuka maziwa na vumbi. Wadogo zangu wakapiga vigelegele hadi jirani akachungulia ukutani. Mama akasema: "Alikuwa anakusubiri wewe." Nililia, Mama Mshauri. Nilimtumia baba yake ujumbe wa sauti ambao nusu yake ni kwikwi. Usiku nikaandika kwenye daftari tarehe, na chini yake: "Riziki kaanza kutembea. Nimeona kwa macho yangu."

Siku ya tatu simu ya mama ilikuwa imejaa, picha haziingii. Akanipa niipunguze. Nikawa nafuta salamu za Ijumaa zenye maua, mawaidha, matangazo ya vikoba, nikakutana na video. Riziki amevaa gauni la njano nililomtumia, anatoka mlango wa jikoni hadi kwenye mchungwa. Si hatua nne. Labda ishirini, na gunzi la hindi mkononi, wala hayumbi. Jirani anasikika akicheka. Halafu sauti ya mama, ananong'ona nyuma ya simu: "Dada yenu asiambiwe. Aje aone mwenyewe." Nikaangalia tarehe. Ilikuwa wiki tatu kabla sijafika.

Niliitazama mara nne. Nikafuta maua yote, video nikaiacha. Nikamrudishia simu: "Tayari mama." Jioni tukanywa chai kama kawaida.

Kuna jingine. Riziki huniita "Dada". Wadogo zangu wananiita dada, naye kadakia hapohapo. Mama ni bibi yake. Na neno lenyewe ndilo tunalowaitia wasichana wa kazi, kwa hiyo linavyoniingia najua mwenyewe. Usiku wa mwisho aliamka akaita "mama". Nikanyoosha mkono gizani. Akapanda juu yangu, akanivuka, akaenda kwa bibi yake.

Nisiseme uongo pia. Nikitoka zamu ya usiku hapa Dodoma nalala hadi saa nane mchana, hakuna anayenivuta nywele, na ninafurahia. Kisha naamka na aibu.

Mume wangu anasema: "Mtoto ananenepa, unataka nini tena? Tusubiri afike miaka miwili." Mwenzangu mmoja kazini ananiambia mama yangu ananinyang'anya mtoto kwa upole. Wifi anasema mtoto wa kike alelewe na mama yake, basi. Mama mwenyewe hasemi chochote, ila kila nikiondoka ananifungia vitumbua vya njiani na kuniambia niende salama, nisiwe na wasiwasi.

Nimwambie kwamba najua? Nimchukue mwanangu sasa, au nisubiri? Na lingine dogo, usinicheke: ile tarehe niliyoiandika kwenye daftari, niifute?

Mama Riziki, Dodoma


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili maharage yangu yameungua, kwa hiyo tuna deni kidogo mimi na wewe. Sikucheki hata kidogo. Mtu aliyeandika "kapiga chafya tatu, kajishangaa mwenyewe" ni mtu anayejua anachokitazama, na ndiyo maana kukosa kutazama kunamuuma.

Nikuambie nilivyokuelewa, ukiona nimepotea unirekebishe. Ulimpeleka mtoto kwa mama yako wakati umebanwa kweli, na mtoto amestawi. Umekuwa ukilipa kwa safari ndefu na simu inayoganda. Ukapewa furaha moja kubwa, ukaikumbatia, kisha ukagundua ilipangwa. Sasa hujui kama umependwa au umedanganywa, na chini ya hilo kuna swali zito zaidi, kama bado wewe ni mama wa huyu mtoto.

Hayo ni mambo mawili, na nadhani video imeyafunga pamoja kiasi kwamba yanaonekana moja. Hebu jiulize: usingeiona ile video, usiku ule Riziki alipokuvuka kwenda kwa bibi yake ungelala? Mimi naona usingelala. Kama ni hivyo, kumsamehe mama kuhusu video hakutakuondolea lile la usiku, na kumgombeza hakutakuondolea pia.

Tuanze na video. Sitakuambia haikuwa kitu. Uliandika "nimeona kwa macho yangu", kumbe macho yako yalikuwa yamepangiwa cha kuona, na nyumba nzima inajua isipokuwa wewe. Inauma. Mama yako aliamua peke yake kwamba huwezi kubeba habari hiyo ukiwa mbali, wakati wewe ni mtu mzima unayewabeba wagonjwa kila siku. Hata kama alifanya kwa mapenzi, uamuzi huo ulikuwa wako.

Lakini umeniandikia mambo mawili ambayo nadhani uliyapita haraka. La kwanza, alirekodi. Mtu anayetaka jambo lisijulikane hashiki simu akalipiga picha. Alikuwa anamrekodia nani? Hao wadogo zako wamo humohumo ndani, wanamwona mtoto kila siku. La pili, simu alikupa yeye, kwa mkono wake, akijua unaingia kwenye picha. Labda alisahau, watu wa umri wetu tunasahau kilichomo kwenye simu zetu, na mimi yangu ina picha sitini za dole gumba langu. Labda alitaka uione bila yeye kulazimika kusema. Sijui, na wewe hujui. Ninachokuomba ni usimalizie hadithi hiyo peke yako ukiwa Dodoma saa tisa usiku wodini, maana saa hiyo kila hadithi huisha vibaya.

Na hiyo "hatua ya kwanza" yenyewe, wewe muuguzi ndiye wa kunifundisha. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wenye afya njema huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 18 hivi, na hakuna anayeamka asubuhi moja akatembea. Anashika ukuta, anaachia, anakaa chini, anashika tena. Inawezekana siku ya mchungwa haikuwa ya kwanza pia. Inawezekana aliachia mtungi asubuhi mama yako akiwa amegeukia kikaango. Wanawake wangapi wako nyumbani saa ishirini na nne na jambo hilo likatokea wamekwenda kisimani? Wanaambiwa na mtoto wa jirani. Nakwambia hivi ili ujue kwamba unachokiomboleza huenda si ile hatua, ni kule kuwa karibu kiasi cha kuikosa kwa dakika mbili tu.

Kuhusu "Dada". Najua linavyokuchoma, hasa kwa maana ile nyingine. Ila mtoto wa miezi kumi na minne hajui vyeo. Anasikia nyumba nzima ikipaza sauti "Dada kaja! Dada kaja!" akiona begi lako, naye anapaza. Mimi mwenyewe nilimwita bibi yangu mama hadi nilipoanza shule, na mama yangu mzazi nilimwita kwa jina lake, kama walivyomwita mawifi zake. Kuna siku nilimwita hivyo mbele ya wageni, nikapigwa kofi na bibi, si na mama. Yalikuja kukaa sawa. Lakini mimi si Riziki, na mama yangu hajawahi kuniambia ilimuumaje, kwa hiyo usilichukue kama dawa. Linalowezekana kuanza leo ni dogo: waombe wadogo zako na mama, ukipiga simu, wamwambie Riziki "mama huyu", na kwa bibi waseme "bibi". Usiombe kwa hasira. Watasahau, utawakumbusha, watasahau tena.

Mwenzako wa kazini anasema unanyang'anywa. Wazee walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ila hawakusema ni mzazi yupi. Mtu anayekunyang'anya mtoto hamweki pembeni ya mtungi akasema "alikuwa anakusubiri wewe". Angeweza kusema "mbona alishatembea zamani, wewe hukuwepo". Hilo ndilo neno la mnyang'anyi. Hata hivyo siwezi kuapa kwamba hakuna kitu. Mama yako ni mjane ambaye jiko lake lilishika kutu, na mjukuu amelirudisha uani. Mtu anaweza kukutakia mema na wakati huohuo akaogopa siku utakayofika na begi tupu la mtoto. Huenda ndiyo maana hasemi. Huenda vile vitumbua anavyokufungia vina maneno ndani.

Sasa nikuulize jambo ambalo limenishangaza zaidi kuliko video. Katika barua yako yote sijaona mahali ambapo mliketi mkasema Riziki atakaa Muheza hadi lini. Mama alisema "mlete", wewe ukamleta. Mume wako anasema miaka miwili. Wewe unawaza sasa. Mama yako yeye ana tarehe gani kichwani? Inawezekana anajua ni wa kukaa hadi apate akili. Inawezekana kila ukishuka basi anadhani umekuja kumchukua, na kila ukiondoka bila mtoto anapumua. Nyote watatu mnaishi kwa makubaliano ambayo hayajawahi kufanyika.

Na Baba Riziki naye. Yeye pia hakuona mtoto akitembea, si mara ya kwanza wala ya nne. Alisikia kwikwi zako kwenye simu akiwa barabarani. Hakuna aliyempangia chochote. Sijaona kwenye barua kama ulimuuliza alijisikiaje. "Mtoto ananenepa, unataka nini tena" ni neno la mtu asiyejali, au ni neno la mtu aliyekwishajifunza kutouliza maswali ambayo majibu yake ni kuacha lori? Wewe ndiye unayemjua. Mimi ningependa kusikia anasema nini akiwa amekaa, ameshakula, redio imezimwa.

Kuhusu kulala hadi saa nane mchana: mwanangu, umekesha. Umewageuza wagonjwa na kuwatundikia maji usiku kucha. Aibu hiyo ningekushauri uipunguzie kazi. Lakini usiifukuze yote, kwa sababu inakukumbusha jambo la kweli utakalolihitaji ukipiga hesabu: Riziki akirudi, ule usingizi unaondoka, na lazima ujue utalala saa ngapi.

Basi tuingie kwenye maswali yako.

Kumwambia mama. Ukinyamaza, amani inabaki, na naye anabaki na furaha ya zawadi aliyokupa. Hatari yake ni kwamba shaka haikai mahali pamoja. Kesho atakuambia "leo kala vizuri, hana homa", nawe utajiuliza kama ni kweli au ni mchungwa mwingine. Kwa mtoto aliye mbali, hilo ni zito kuliko hatua zote, maana afya yake unaijua kwa mdomo wa bibi yake. Ukisema, unaweza kupata mama anayekuambia kila kitu. Unaweza pia kumwaibisha, akajifunga, au akaanza kukuletea taarifa kavu kama ripoti ya zamu. Inategemea sana unaingiaje. Kwa simu nisingejaribu. Ungengoja uende, mkae uani mnachambua mchele, mikono ina kazi na macho hayalazimiki kukutana. Na badala ya kuanza na "ulinidanganya", unaweza kuanza na gauni la njano: "Mama, ile video ya Riziki na gunzi nimeiona. Nitumie na mimi." Kisha unyamaze, umwachie nafasi. Akicheka, akilia, akijitetea, utakuwa umejua mengi. Baada ya hapo ndipo unaweza kumwambia unachotaka siku zijazo, maana huenda hata wewe hujaamua. Ungetaka kuambiwa saa ileile jambo likitokea, au usubirishwe uje uone? Wapo wanawake ambao wangechagua kusubirishwa. Kama wewe si mmoja wao, yeye atajuaje?

Kumchukua mtoto. Hapa sina haraka, na nisingependa uwe nayo. Njia zipo kadhaa na kila moja ina mwiba wake.

Ukimrudisha Dodoma sasa kwa kutafuta dada wa kazi mwingine, unarudi kwenye ule mlango uliofungwa kwa nje, labda safari hii kwa bahati bora, labda sivyo. Vituo vya kulelea watoto mchana vipo Dodoma, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka visajiliwe; ukienda kuangalia kimoja, omba kuona usajili, kisha ulizia kwa afisa ustawi wa jamii. Tatizo lako ni zamu ya usiku, kwa sababu kituo cha mchana kinafunga jioni na wewe ndio unavaa sare. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kituo, kuna mazungumzo na msimamizi wako wa wauguzi: unaweza kupata zamu za mchana kwa miezi sita? Pesa ya usiku utaikosa. Je, mshahara utabeba ada na nauli?

(Niseme kidogo hapa, maana wanaume nao wanasoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha usiozidi jumla ya saa mbili kwa siku ya kazi. Baba anapewa siku tatu. Siku ya tatu hata kitovu hakijaanguka. Halafu tunashangaa kwamba kila nyumba ina bibi Muheza.)

Njia nyingine ni kumleta mama yako Dodoma na mjukuu wake, hata kwa miezi michache. Inasikika tamu. Lakini yeye ana wateja wa vitumbua, ana majirani wanaochungulia ukutani, na wadogo zako wanasoma. Atakaa kwenye chumba chako cha kupanga, hamjui mtu, upepo wa Dodoma unampiga, wewe uko kazini na mkwe yuko Zambia. Anaweza kukubali kwa ajili yako kisha akarudi kwenye lile tabia la kukaa akitazama ukuta. Muulize, usimwamulie, tumeshaona kuamuliana kunakofikisha.

Kazi Tanga mjini nayo ni wazo. Ni karibu na Muheza kiasi cha kwenda na kurudi. Nafasi hazipatikani kwa wiki moja, na lori la mume wako lingehitaji kujua linapaki wapi. Ila kuandika barua mbili tatu za maombi hakukufungi.

Au usubiri kama asemavyo mume wako, lakini usubiri kwa namna nyingine. Kusubiri kwenye tarehe iliyosemwa na watu wote watatu ni tofauti na kusubiri hewani. Safari zinaweza kuwa fupi na za mara kwa mara zaidi, hata kwa kubadilishana zamu; tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakufikisha Morogoro bila kuvunjika mgongo, ingawa kutoka pale bado ni basi. Hatari yake unaijua: miezi inapita, mtoto anazidi kuzoea, na siku ya kumhamisha inakuwa ngumu zaidi.

Kwa vyovyote utakavyochagua, nakuomba jambo moja tu kama mama. Usimchukue ghafla. Umri huu mtoto ameshajua nani ni nani, na kumtoa mikononi mwa bibi yake asubuhi moja na kumpandisha basi la alfajiri ni kumfanyia kile kilichokuuma wewe, kuamuliwa bila kuambiwa. Kaa naye siku kadhaa Muheza, umwogeshe wewe, umlishe wewe, umlaze wewe, bibi akiwa palepale karibu. Atakuvuka tena usiku. Usihesabu.

Nimeangalia kalenda yako. Riziki akifika miezi 18 ana sindano ya pili ya surua na rubela. Ya kwanza ya miezi tisa alipelekwa na bibi yake, kwa hesabu zangu. Hii ya pili iko miezi minne mbele, na tarehe yake inajulikana mapema, si kama hatua. Ukiomba ruhusa leo, unaweza kuwa wewe uliyemshika pajani. Atalia, na atakukasirikia wewe badala ya mtu mwingine. Hata hilo lina ukurasa wake kwenye daftari.

Daftari lenyewe, basi. Ni lako, ukifuta umefuta. Mimi ningesita, kwa sababu tarehe ile mtoto alitoka kwenye mtungi akaja kwako, na hilo lilitokea kweli. Kilichokosewa ni maneno mawili tu, "kaanza kutembea". Unaweza kuyakata kwa mstari mmoja yakabaki yakisomeka, ukaandika juu yake unachoona ni sawa. Unaweza pia kuacha nafasi ukurasa wa nyuma yake, kwa ajili ya siku ya mchungwa, umwombe mama yako akusimulie nawe uandike: saa ngapi ilikuwa, gunzi alilipata wapi, jirani alicheka nini. Yeye ndiye shahidi. Sijui kama utapenda kuliandika kwa mkono wako au utampa kalamu mdogo wako.

Nisalimie Muheza. Na baada ya sindano utuandikie, tujue alilia kiasi gani na alimkimbilia nani.